Jiko la Nyumbani: Maandazi ya Mahindi, ya Sukari na ya Chumvi

Juma hili twapenda kusema na akina mama, na mabinti walio shuleni, na tena na akina baba, kwa maana ghala la mahindi ni kazi ya nyumba nzima. Shauri letu ni chakula kidogo kisicho na makuu: maandazi ya unga wa mahindi, madogo kiasi cha kuliwa kwa kuuma mara mbili, yaliyokaangwa katika mafuta. Mtu aweza kuyafanya matamu kwa ndizi na sukari, au aweza kuyatia chumvi, kitunguu na ndagala. Ni kazi ya saa moja, wala haihitaji tanuri.

Huenda mtu akauliza, “Je, jambo dogo kama andazi lastahili ukurasa mzima?” Ndiyo, lastahili. Mtoto aendaye shule na tumbo tupu hasikii vema maneno ya mwalimu, hata mwalimu awe hodari namna gani. Tena mahindi yana siri moja ambayo wengi hawaijui, nayo imegharimu maisha ya watu wengi duniani. Siri hiyo tutaieleza kwanza, kisha tutawasha moto.

Mlima na ziwa

Katika nchi ya Fizi, chakula kina pande mbili. Huko juu milimani, upande wa Bibokoboko, kuna malisho na ng'ombe, maziwa, mahindi na maharagwe. Huku chini Baraka, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kuna ndagala na mikeke, mihogo, ndizi na mafuta ya mawese. Siku za amani mlima hulisha ziwa, na ziwa hulisha mlima: anayeshuka na maziwa hupanda na samaki.

Lakini amani ikivunjika, na njia ya chakula hukatika. Mnamo Oktoba mwaka 2021 vijiji vya Bibokoboko vilishambuliwa, na maelfu ya watu walikimbia. Wengi wao walishukia Baraka. Mtu aliyekimbia hawezi kubeba ng'ombe wala bustani. Mara nyingi mama hujikuta na kipimo cha unga wa mahindi, na kando yake hakuna kitu. Hapo ndipo siri ya mahindi inapokuwa jambo la uzima na mauti.

Mbegu ilisafiri, ujuzi ukabaki

Mahindi si mmea wa asili ya Afrika. Wakulima wa Meksiko ndio waliolima mahindi kwanza, yapata miaka 9,000 iliyopita. Merikebu za Wareno ziliyaleta Afrika katika karne ya 16, nayo yakaenea bara upesi, kwa sababu huzaa sana na hukomaa mapema. Jina lenyewe la Kiswahili, mahindi, ladokeza ya kuwa watu wa pwani waliyahesabu kuwa kitu cha kutoka ng'ambo ya bahari, upande wa India.

Sasa angalieni. Watu wa Meksiko hawakuwa wakisaga mahindi yao makavu hivi hivi. Waliyachemsha kwanza katika maji yenye chokaa au majivu, wakayaosha, ndipo wakayasaga. Kazi hii hulegeza ndani ya punje vitamini moja iitwayo niasini, ambayo mahindi huifungia, hata tumbo la mtu lisiweze kuitwaa. Mbegu ya mahindi ilivuka bahari, lakini ujuzi wa chokaa haukuvuka pamoja nayo.

Matokeo yake yalikuwa maradhi. Mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal aliyaona huko Hispania kati ya maskini waliokula mahindi karibu peke yake. Baadaye yalienea Italia ya kaskazini, yakaitwa pelagra. Ngozi ya mikono na ya shingo, pale jua linapoipiga, huwa nyeusi na kuparuza, tumbo huharisha, akili huchafuka, mwisho mtu hufa. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, maelfu ya watu walipatwa. Wengi walidhani ni maradhi ya kuambukiza. Mwaka 1914 serikali ilimtuma Dkt. Joseph Goldberger kuyachunguza. Aliwapa mayatima maziwa, mayai, nyama na maharagwe pamoja na mahindi yao, na maradhi yakatoweka. Mwaka 1937 mtaalamu Conrad Elvehjem alitambua ya kuwa kitu kilichokosekana ni hiyo niasini.

Wala msidhani ya kuwa ni habari za kale au za mbali tu. Mwaka 1990, nchini Malawi, wakimbizi kutoka Msumbiji walikuwa wakiishi kwa posho ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa mahindi. Karanga ndizo zilizokuwa zikiwapa niasini ya kutosha. Ugawaji wa karanga ulipokatika, watu zaidi ya 17,000 waliugua pelagra. Waliokuwa na karanga au bustani zao wenyewe waliokoka zaidi kuliko wenzao. Kiganja cha karanga, wasomaji wapenzi, ndicho kilichotenga mwenye afya na mgonjwa.

Basi fundisho letu la jikoni ni hili: mahindi yasitembee peke yake. Yapewe mwenzi: karanga, ndagala, maziwa, mayai au maharagwe. Andazi tutakalolifanya leo ni njia nzuri ya kumfunga mwenzi huyo ndani, hata mtoto mchaguzi amle bila kujua.

Punje njema kwanza

Kabla ya kusaga, chagua. Mahindi yaliyoota ukungu, yaliyobadilika rangi kuwa ya kijani, ya kijivu au nyeusi, yasiliwe na mtu. Ukungu mwingine huacha sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Sumu hii haitoki kwa kupikwa, hata mafuta yawe moto namna gani. Wala kuchanganya mahindi mabovu na mazuri si dawa, ni kuyaharibu yote. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao walikufa.

Baba wa nyumba, hapa kazi ni yako. Anika mahindi juu ya mkeka au turubai, yasilale juu ya udongo mtupu. Na ghala liinuke juu ya ardhi. Kama wataka kujua kwamba yamekauka vema, twaa chupa kavu yenye kifuniko, utie kiganja cha punje na kijiko cha chumvi kavu, utikise dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo cha chupa, mahindi yangali na maji, yarudishwe juani. Chumvi isiposhika, yafaa kuwekwa ghalani.

Vitu vinavyohitajiwa

Kwa maandazi yapata 40, tayarisha vitu hivi:

Unga laini wa mahindi, vikombe 2.
Unga wa ngano, kikombe 1.
Hamira ya unga, vijiko vidogo 3.
Mayai 2.
Maziwa, kikombe 1 na nusu.
Chumvi, kijiko kidogo 1.
Mafuta ya kukaangia, yenye kina cha vidole vitatu ndani ya sufuria.

Ngano imewekwa kwa sababu mahindi hayana gluteni, yaani kile kinachonata na kushika donge pamoja. Ukikaanga mahindi matupu yaliyokorogwa kwa maji baridi, andazi litavunjika na kutawanyika katika mafuta.

Koroga kwanza unga wa mahindi na maziwa, ukauache nusu saa. Unga wa mahindi ni mgumu, hunywa maji polepole. Ukiuharakisha, andazi litakuwa na mchanga mdomoni. Ndivyo wasemavyo wahenga: haraka haraka haina baraka. Kisha piga mayai, uyatie, na mwisho utie ngano iliyochanganywa na hamira na chumvi. Koroga kidogo tu, hata unga mkavu usionekane tena. Mchanganyiko uwe mzito, uanguke kutoka kijikoni kwa shida, usitiririke. Ukiwa mwepesi, ongeza unga kidogo; ukiwa mgumu, ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja.

Ukiwa na maziwa ya mgando, kama ilivyo desturi ya wafugaji wa milimani, ni vema zaidi. Hapo acha hamira ya unga, utumie soda ya kupikia, nusu kijiko kidogo kwa kila kikombe cha maziwa. Uchachu wa maziwa ukikutana na soda hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayolivimbisha andazi. Lakini soda itiwe mwisho kabisa, mafuta yakiwa tayari, kwa maana hewa hiyo haingoji mtu.

Maandazi ya sukari

Ponda ndizi 2 zilizoiva sana, zile ambazo ganda lake limeanza kuwa na madoa meusi. Zitie pamoja na sukari vijiko vikubwa 3 na karanga zilizotwangwa nusu kikombe. Maziwa yapunguzwe yawe nusu kikombe au zaidi kidogo, kwa kuwa ndizi zina maji yake, na chumvi iwe nusu kijiko kidogo tu. Ndizi husaidia kushika donge, tena hupunguza haja ya sukari, ambayo ni ghali. Moto wa maandazi haya uwe mdogo kuliko ule wa ya chumvi, maana sukari huungua upesi: nje laweza kuwa jeusi na ndani likawa bichi.

Maandazi ya chumvi

Twaa ndagala zilizokauka vema, uondoe mchanga, uzikaange kavu kidogo, kisha uzitwange mpaka ziwe unga. Nusu kikombe chatosha. Katakata kitunguu 1 vipande vidogo sana, na pilipili kwa kadiri ya wanaokula. Kwa watoto wadogo iachwe. Kama ndagala zimetiwa chumvi, onja kwanza kabla ya kuongeza chumvi nyingine. Ndagala waliwa pamoja na mifupa yake, kwa hiyo mtoto hupata pia madini ya kujenga mifupa na meno.

Kama ngano haipo

Mama mwingine atasema, “Mwalimu, ngano niitoe wapi?” Usivunjike moyo, mama. Pima vikombe 3 vya mahindi, bila ngano. Toa nusu kikombe cha unga huo, uupike na kikombe kimoja cha maji mpaka uwe uji mzito sana, uuache upoe hata kidole kiweze kukaa ndani. Kisha uuchanganye na unga uliobaki, mayai, na maziwa kidogo kidogo hata upate uzito tuliousema. Uji uliopikwa hunata, nao hushika kazi ya ngano. Unga wa muhogo, nusu kikombe mahali pa nusu kikombe cha mahindi, nao wasaidia. Lakini hauna nguvu nyingi ya kujenga mwili, basi usizidi hapo.

Mafuta na moto

Mafuta yakiwa baridi, andazi huyanywa. Yakiwa moto mno, huungua nje. Kipimo chema ni digrii 170 mpaka 180, lakini nani ana kipima joto jikoni? Dondosha tone la mchanganyiko katika mafuta. Likikaa chini kimya, ngoja bado. Likizama kidogo, likapanda mara moja huku povu likilizunguka, anza kazi. Likigeuka jeusi kabla ya kuhesabu kumi, ondoa kuni moja.

Sababu yake ni rahisi, nanyi wanafunzi ishikeni vema. Maji yaliyo ndani ya andazi yakipata joto hugeuka mvuke, na mvuke hutoka nje kwa nguvu. Ndilo hilo povu tunaloliona. Wakati mvuke unasukuma kutoka, mafuta hayapati nafasi ya kuingia. Mafuta yakiwa baridi, mvuke ni dhaifu. Kwa hiyo usitie maandazi mengi pamoja, kwa maana donge nyingi baridi huyapoza mafuta. Sita au saba yatosha. Yageuze baada ya dakika mbili, na baada ya dakika mbili nyingine yatoe, yakiwa rangi ya dhahabu. Vunja moja la kwanza utazame ndani: likiwa na unga mbichi, punguza moto na uyaache muda zaidi.

Watu wa milimani wajua ya kuwa maharagwe ya juu hukawia kuiva kuliko ya ziwani. Ni kwa sababu maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda, yapata digrii moja kwa kila mita 300. Mafuta hayafuati sharti hilo, maana hayachemki jikoni kama maji. Ndiyo maana kukaanga milimani si kazi ya kukawia kama kuchemsha.

Mafuta ya mawese mekundu yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, yenye kulinda macho. Lakini moto mkali na wa kurudiwa hukiua. Waona mwenyewe wekundu unavyopotea. Basi yafaa kuweka mawese mabichi kwa maharagwe na mboga, na kukaangia mafuta kidogo. Mafuta yaliyokwisha kukaanga yachujwe kwa kitambaa, yawekwe katika chombo chenye kifuniko. Yakiwa mazito, yakitoa moshi upesi au harufu mbaya, yamwagwe. Hasara ya mafuta ni ndogo kuliko hasara ya tumbo.

Neno la hadhari

Sufuria ya mafuta isijae kupita nusu, na mbabula isimame mahali sawasawa, mbali na njia ya watoto. Mshiko wa sufuria ugeuzwe upande wa ukuta. Mafuta yakishika moto, usimwagie maji kamwe, maana moto utaruka hata paani. Funika sufuria kwa kifuniko, uache mpaka ipoe. Katika nyumba za nyasi au za turubai zilizosongamana, kosa la mmoja laweza kuwateketeza majirani wote. Basi kaanga nje, siku isiyo na upepo. Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi juu ya jeraha muda wa dakika 20, umfunike kwa kitambaa safi, umpeleke kwa mganga wa hospitali. Usimpake mafuta, majivu wala dawa ya meno.

Ndugu zake andazi letu

Andazi hili lina ndugu ng'ambo. Katika majimbo ya kusini ya Marekani watu hukaanga vidonge vya mahindi vyenye kitunguu, na kuvila pamoja na samaki. Jina lake kwa lugha yao maana yake ni “nyamazeni, watoto wa mbwa”. Husimuliwa ya kuwa wapishi waliwatupia mbwa vipande ili wasibweke. Huko Jamaika hufanya la sukari, la mahindi na ngano, nalo pia huliwa na samaki. Tazameni basi: mahali pengi panapokutana mahindi na maji yenye samaki, akina mama wamefikia shauri moja.

Hesabu ya mama mwuzaji

Wapo akina mama wanaokaanga ili kuuza, wapate karo ya watoto. Hao twawaambia: andika kila kitu. Tuseme unga, mayai, maziwa, mafuta na makaa, vyote pamoja, vimegharimu franka 6,000. Umepata maandazi 40. Watoto wako wamekula 10, yamebaki 30. Ukiuza kila moja kwa franka 250, utapata 7,500, na faida ni 1,500. Sasa fikiri: yakiungua 6, utauza 24, utapata 6,000 kamili. Faida yote imeliwa na moto! Wanafunzi, fanyeni hesabu hii pamoja na mama zenu jioni ya leo, mkiweka bei za soko lenu. Lakini asiwepo mama wa kuuza yote 40 na kuwaacha wanawe na uji mtupu. Mteja wa kwanza wa mama ni mtoto wake.

Maandazi yakiisha kuchujwa mafuta katika kikapu, yaliwe yangali moto, ya chumvi pamoja na maharagwe au mboga, ya sukari pamoja na maziwa au chai. Yaliyobaki yafunikwe kwa kitambaa, na asubuhi yapashwe juu ya kikaango kikavu. Mtoto apewe mawili ya kula kabla ya kwenda shule, na moja atie mfukoni, amgawie mwenzake ambaye nyumbani kwake moto haukuwashwa.